KUGEUZA MAONGEZI KUWA PICHA



Bila shaka umepata kuhudhuria mkutano mrefu. Watu wamesema tangu asubuhi hadi mchana. Ukifika nyumbani unaulizwa, "Mmezungumza nini?" Unakumbuka mawili matatu tu. Mengine yamepotea.

Katibu huandika muhtasari. Lakini muhtasari hukaa katika jalada, na asiyejua kusoma haumfaidii. Ndiyo sababu wako wachoraji ambao kazi yao ni kuchora maongezi. Huitwa na vikundi, mashirika na makampuni. Husikiliza, huchora, kisha hulipwa.

Kazi inavyofanyika

Tuseme kamati ya maji ya kijiji imemwita mchoraji. Pampu ya kisima imeharibika, na watu watakutana.

Kwanza, mchoraji huzungumza na waliomwita. Mkutano unahusu nini? Picha itatundikwa wapi? Nani ataitazama? Hapo hapo hupatana malipo, na nani atanunua karatasi.

Pili, hubandika karatasi kubwa ukutani, mahali ambapo watu wote wataiona. Hutumia kalamu za wino zenye ncha nene. Rangi mbili tatu zatosha.

Tatu, husikiliza. Hii ndiyo kazi yenyewe. Hawezi kuchora kila neno, kwa hiyo huchagua. Mtu akisema kwamba mpini wa pampu umevunjika tangu masika, huchora pampu isiyo na mpini. Mama akisema, "Tunaondoka alfajiri, tunarudi jua la utosi," huchora mwanamke mwenye ndoo kichwani, njia ndefu, na jua juu yake. Chini huandika maneno ya mama huyo kama alivyoyasema.

Nne, mwisho wa mkutano huwauliza watu, "Je, ndivyo mlivyosema? Nimesahau nini?" Kisha hurekebisha mbele yao.

Jambo la kujihadhari

Anayeshika kalamu ana nguvu. Tuseme mzee mmoja ameuliza fedha za pampu zilikwenda wapi. Viongozi wa kamati wamekunja uso. Nao ndio wanaomlipa mchoraji. Je, aliache swali hilo?

Akiliacha, picha itapendeza lakini itadanganya. Hata hivyo asichore mwizi, maana hakuna aliyethibitisha wizi. Achore mfuko wa fedha na alama ya kuuliza. Mzee aliuliza, basi picha nayo iulize. Ni vizuri mchoraji apatane na kamati mapema kwamba atachora yale yatakayosemwa na watu wote.

Picha na kisomo

Sisi wanakisomo tuna undugu na kazi hii. Mwaka 1963, huko Angicos nchini Brazili, watu wazima wapatao 300 walifundishwa kusoma na kuandika kwa njia ya mwalimu Paulo Freire. Freire na wenzake hawakuanza na vitabu. Walianza kwa kusikiliza maongezi ya watu, wakachagua maneno yanayohusu maisha yao. Katika miaka hiyo mchoraji Francisco Brennand aliwachorea picha za kuzungumzia darasani. Picha moja ilikuwa na mkulima, nyumba na kisima. Wanafunzi waliulizwa ni nani aliyechimba kisima hicho, na kwa nini. Hivyo waliona kwamba mambo mengi duniani yamefanywa na mikono ya watu kama wao.

Mwaka 1964 wanajeshi walitwaa serikali ya Brazili. Kisomo hicho kilisimamishwa, na Freire akafungwa. Kumbe picha inayowafanya watu waulize yaweza kuogopwa! Baadaye Freire alifika Dar es Salaam, akazungumza na walimu wa elimu ya watu wazima.

Jaribu mwenyewe

Usiseme, "Mimi sijui kuchora." Mviringo ni kichwa, mstari ni kiwiliwili, pembe tatu ni paa la nyumba. Kama huna karatasi, chora mchangani kwa kijiti. Waulize wenzako kama wameelewa. Wakielewa, umefaulu.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini mchoraji huonyesha picha yake kabla watu hawajaondoka?
2. Je, mchoraji afanye nini akiambiwa afute swali la mzee?
3. Katika mkutano wenu wa mwisho, ni maneno ya nani yaliyosahauliwa? Yachoreni.