Nyumba Mpya ya Wageni: Tangazo Lisilo na Shahidi Laaminiwaje?

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ina ukweli wake sokoni, ambako mnunuzi huishika bidhaa kwa mkono wake na kuigeuzageuza. Nyumba ya kupangisha wageni kwa siku chache haina bahati hiyo. Hata iwe njema namna gani, pale Kinindo, Gihosha au Ngagara, mtu aliyeko Brussels au Kigoma haioni. Aonacho ni tangazo lake tu katika intaneti, na kwa tangazo hilo huamua kama atatoa fedha zake au atapita.

Jambo hili lazigusa nyumba nyingi za askari mjini Bujumbura. Tangu Desemba 2007 wanajeshi wa Burundi walikuwa wakienda Somalia kwa zamu katika kikosi cha amani cha Umoja wa Afrika, na wengi wao waligeuza posho zao kuwa viwanja, matofali na mabati. Kikosi hicho kilipofikia mwisho wake Desemba 2024, Burundi haikuingia katika kile kilichofuata. Posho za Somalia zimekoma. Nyumba ndizo zilizobaki. Familia iliyojenga nyumba ya pili, ikaitia vitanda na kuitangaza kwenye tovuti kama Airbnb, hutazamia kwamba itasaidia kulipa ada za shule na deni la fundi. Wiki sita zapita bila mtu kubisha hodi. Baba yuko kambini, mama ndiye mwenye funguo, na mlinzi wa usiku adai mshahara wake kila mwezi, mgeni awepo asiwepo.

Kabla ya kuulaumu mji au nyota ya nyumba, yafaa kuifahamu sababu. Tangazo jipya halina ushuhuda. Jirani aliyetangaza miaka mitatu iliyopita ana maneno ya wageni ishirini chini ya picha zake, wasemao kwamba maji yalikuwapo na mwenyeji ni mwaminifu. Huyu mpya hana hata mmoja. Kwa hiyo kazi yake ya kwanza ni kumpa mgeni sababu ya kumwamini kabla shahidi wa kwanza hajapatikana. Na sababu hizo ni picha safi, maelezo ya kweli na bei ya busara.

PICHA

Mnamo 2009, Airbnb yenyewe ilipokuwa kampuni changa, biashara yake ilidorora mjini New York. Waanzilishi wake husimulia kwamba walipoyakagua matangazo waliona picha zake ni mbaya na zenye giza. Wakaenda New York, wakakodi kamera nzuri, wakapita nyumba kwa nyumba na kupiga picha upya. Mapato ya wiki yakaongezeka mara mbili, ingawa vitanda vilikuwa vile vile na wenye nyumba wale wale.

Hapana haja ya kumwita mpiga picha wa harusi. Simu ya mkononi yatosha, mradi kioo cha kamera yake kifutwe kwanza kwa kitambaa laini. Picha zipigwe kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, mapazia yakiwa wazi. Mpigaji asimame pembeni mwa chumba na kuishika simu kwa usawa wa kifua, kuta zisije zikaonekana zimeinama. Ndoo, viatu na nguo zilizoanikwa ziondolewe. Sare, kofia na picha za kazini zisionekane hata kidogo, kwa maana tangazo husomwa na kila mtu. Msala na jiko visifichwe: mgeni asipoiona picha ya choo hudhani pana jambo. Picha ya kwanza iwe ile iipambanuayo nyumba hiyo na nyingine, kama vile baraza iitazamayo milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, au mwembe ulioko uani.

MAELEZO

Wapo wadhanio kuwa tangazo huvutia kwa sifa. Maneno kama "nyumba nzuri, mahali patulivu" yamo katika kila tangazo, hivyo hayamsaidii mtu. Mgeni ataka kujua umeme wa REGIDESO ukikatika pana nini badala yake. Ikiwa mitambo ya jua yawasha taa na kuchaji simu lakini haiwezi kuendesha friji, iandikwe hivyo hivyo. Itajwe tangi la maji ni la lita ngapi. Ielezwe lami huishia wapi, na kama teksi hufika langoni mvua za Aprili zinaponyesha. Uhaba wa petroli, ulioisumbua sana nchi katika miaka ya 2022 hadi 2024, umewafunza wasafiri kuuliza ni mahali gani pafikikapo kwa miguu. Basi zihesabiwe dakika za kwenda dukani na kwenye kituo cha basi. Tena mgeni aambiwe kuwa Jumamosi asubuhi ni wakati wa kazi za pamoja za maendeleo, asije akapanga safari saa hizo.

Ziwa nalo lahitaji ukweli wake. Mwaka 2024 maji ya Tanganyika yalipanda na kufunika sehemu za ukingo wake. Mwenye nyumba asiandike "karibu na ufukwe" kwa kukumbuka zamani. Aende mwenyewe, aone ufukwe ukoje leo, ndipo aandike. Mgeni aliyeahidiwa mchanga akakuta tope ataandika jambo litakalosomwa kwa miaka.

MGENI NI NANI?

Tangazo la watu wote halimwiti mtu. Wakati wa kiangazi, Julai na Agosti, Warundi waishio Ubelgiji na Kanada hurudi kwa harusi na kuwaamkia wazee. Hao huja na watoto. Wataka sufuria kubwa, vyandarua vizima na ua wa kuchezea. Afisa wa mradi ataka meza, kiti cha kukalia saa nyingi na intaneti. Mtalii ataka kujua njia ya kwenda kuwaona viboko wa Rusizi, na ya kwenda Mugere, kusini mwa mji, penye jiwe lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Mwenye nyumba achague ni nani hasa nyumba yake yamfaa, aandike kwa ajili yake, na aandike kwa Kifaransa na Kiingereza pamoja na Kiswahili.

BEI

Watu wengi huiga bei ya jirani mwenye ushuhuda ishirini. Ichukuliwe kwa mfano kwamba nyumba hutozwa faranga 100,000 kwa usiku, ikapata siku 4 tu kwa mwezi, na kila siku ya mgeni hugharimu faranga 10,000 za usafi, sabuni na maji. Faida ni 360,000. Bei ikishushwa hadi 80,000 na siku zikawa 12, faida ni 840,000, na juu ya hizo zimepatikana kauli za wageni. Punguzo hilo liwe la wageni watatu au wanne wa kwanza tu. Kisha bei ipande polepole. Lakini isishuke mno, kwa sababu bei ya kutupa humfanya mgeni ashuku.

SHERIA NA STAHA

Mgeni aandikwe katika daftari la wakaaji wa nyumba siku ile ile afikapo, na aarifiwe mapema kuwa ataombwa pasipoti au kitambulisho. Familia ya polisi yalijua hilo kuliko wengine, nayo ndiyo ipasayo kuwa mfano. Kuhusu kodi, ofisi ya mapato, OBR, iulizwe mwanzoni, si baada ya mwaka. Mwenye mazoea ya ulinzi naye ajizuie: tangu 30 Aprili 2024 Airbnb imekataza kamera ndani ya nyumba zote zitangazwazo nayo, hata ziwe sebuleni. Ya langoni yaruhusiwa, ila itajwe katika tangazo.

MGENI WA KWANZA

Huyu ndiye mwenye ufunguo wa wageni wote wajao. Kabla hajafika, mama mwenye nyumba alale humo usiku mmoja. Ataijua kitasa kinachogoma, mto wenye harufu na bomba lidondokalo usiku kucha. Mgeni afikapo akute maji ya kunywa, mashuka yaliyopigwa pasi, mshumaa na kiberiti mahali paonekanapo, na namba ya simu ya mtu atakayeitika. Aambiwe pia mahali pa kupata mukeke wa kuchoma usiku huo, kwa kuwa atokaye safari hajui pa kula.

Akiondoka, aombwe kwa adabu aandike aliyoyaona. Kwenye Airbnb, mgeni na mwenyeji wana siku 14 za kuandikiana kauli. Mgeni akilalamika kuwa maji yalikatika, ajibiwe kwa sentensi mbili za upole: ashukuriwe, na aelezwe kilichotengenezwa. Msomaji ajaye atapima jibu hilo kama apimavyo lalamiko lenyewe.

Baba akirudi likizo, wakae wawili na simu moja mezani, walisome tangazo lao kama watu wasioijua Bujumbura. Kila swali watakalojiuliza bila kupata jibu humo ndilo linalomzuia mgeni kubisha hodi, na lapaswa kujibiwa kabla ya likizo kwisha.