Duaradufu Si Umbo la Yai

Jometri ya mistari iliyopinda: Sehemu ya Tatu

Katika sehemu iliyopita tulieleza duara, mstari ambao kila nukta yake iko umbali uleule kutoka kitovu. Leo ni zamu ya duaradufu. Wengi wetu tulilisikia neno hili shuleni, kisha tukalitumia kwa kila umbo lililorefuka kidogo kuliko duara. Yai huitwa duaradufu. Uwanja wa riadha nao huitwa hivyohivyo. Yote mawili ni makosa, na makosa haya yana uzito, maana anayeyaachia hawezi kuelewa umbo hili linafaa nini.

Tazama uwanja rasmi wa riadha wa mita 400. Pande zake mbili ndefu zimenyooka, kila mmoja mita 84.39, na ncha zake ni nusu duara zenye nusukipenyo cha mita 36.5. Duaradufu haina hata kipande kidogo kilichonyooka. Yai nalo lina ncha moja nene na nyingine nyembamba, ilhali duaradufu ukiikunja katikati, kwa urefu au kwa upana, nusu zake hulaliana sawasawa.

Maana yake ni hii. Ndani ya duaradufu mna nukta mbili zinazoitwa fokasi. Chagua nukta yoyote juu ya mstari wenyewe, pima umbali wake hadi fokasi ya kwanza, kisha hadi ya pili, ujumlishe. Popote utakapopima, jumla ni ileile. Sharti hilo moja linatosha. Mengine yote yanatokana nalo.

Tuseme fundi seremala ameagizwa meza ya duaradufu, urefu sentimita 150 na upana 90. Anaanza kwa kuchora mistari miwili ya katikati inayokatana kwa pembe mraba. Kisha anashika mwanzo wa tepu kwenye ncha ya mstari mfupi, anapima sentimita 75, yaani nusu ya urefu wa meza, na kutia alama pale tepu inapogusa mstari mrefu, kushoto na kulia. Alama hizo ndizo fokasi, na kati yake pana sentimita 120. Anapigilia misumari miwili hapo, anafunga kamba isiyovutika ili kati ya msumari na msumari ibaki kamba ya sentimita 150 kamili, anaikaza kwa penseli na kuizungusha. Kwenye ncha ya meza, penseli iko sentimita 15 kutoka msumari wa karibu na 135 kutoka wa mbali. Katikati ya ubavu, iko sentimita 75 kutoka kila msumari. Jumla ni 150 kote kuwili.

Eneo la meza hiyo ni rahisi kupata: zidisha pai kwa nusu ya urefu na nusu ya upana, utapata kama mita ya mraba 1.06. Mzingo ndio mgumu. Hakuna kanuni fupi inayoutoa kamili, na wanahisabati wamekuwa wakitafuta makadirio mazuri. Yale ya Srinivasa Ramanujan wa India, aliyoyachapisha mwaka 1914, yanampa fundi wetu sentimita 383 za ukanda wa kuzungushia pembeni.

Wagiriki wa kale walilijua umbo hili vizuri, na Apollonius wa Perga aliandika vitabu vinane kuhusu mikato ya koni, ambayo duaradufu ni mmojawapo. Hata hivyo, ilichukua karne nyingi kabla halijaonekana angani. Mwanaastronomia Johannes Kepler, akitumia vipimo ambavyo mwanaastronomia mwenzake Tycho Brahe alikuwa ameviweka kabla ya darubini, alijaribu kuipangia Mirihi njia ya duara. Hesabu ilipishana na vipimo kwa dakika 8 za pembe, chini ya sehemu ya saba ya digrii moja. Wengine wangelinyamazia jambo dogo namna hiyo. Kepler alikataa. Akajaribu umbo la yai, likamsumbua sana, ndipo akafikia duaradufu yenye Jua kwenye fokasi moja. Alitangaza hayo mwaka 1609, na kwangu mimi huo ni mfano bora wa uaminifu katika sayansi.

Dunia yetu nayo hufuata duaradufu. Mwanzoni mwa Januari huwa kilomita milioni 147 hivi kutoka Jua, na mwanzoni mwa Julai milioni 152. Msomaji wa Dar es Salaam, anayetokwa jasho Januari na kupata nafuu Julai, anaweza kudhani amepata sababu ya majira. Sivyo. Januari hiyohiyo Ulaya wanatetemeka kwa baridi; majira huletwa na kuinama kwa mhimili wa Dunia. Michoro ya vitabuni ndiyo inayotupotosha. Ukichora njia ya Dunia kwa urefu wa mita 1, upana utapungua kwa kama sehemu ya saba ya milimita tu, na Jua litakuwa milimita 8 pembeni mwa kitovu. Kinyume chake ni nyota mkia ya Halley, yenye njia nyembamba mno: ilipita karibu na Jua mwaka 1986, na itarudi 2061.

Hospitalini duaradufu ina kazi nyingine. Mawimbi yanayotoka fokasi moja, yakigonga ukuta wake, yote hukusanyika kwenye fokasi ya pili. Mwaka 1980, madaktari wa Munich walianza kutibu mawe ya figo kwa bakuli la chuma la umbo hilo: cheche inapigwa kwenye fokasi moja, mgonjwa analazwa ili jiwe lake liwe kwenye ya pili, na jiwe linavunjika bila kisu.

Walimu wenzangu, msiichore duaradufu kwa mkono ubaoni. Wapeni wanafunzi misumari miwili na kamba, wachore na kupima wenyewe. Sehemu ijayo itahusu parabola, yenye fokasi moja tu.