Je, Wajua? Gitaa la Jazi kwa Mfuko wa Mukuru

Je, wajua kwamba moja ya magitaa yanayoheshimiwa zaidi katika jazi lilitengenezwa kwa plaiwudi? Gibson ES-175 ilitoka Kalamazoo, jimbo la Michigan, Marekani, mwaka 1949, na hiyo 175 ilikuwa bei yake kwa dola. Kifua chake kilichobinuka hakikuchongwa kutoka ubao mzima. Ni tabaka nyembamba za mti wa maple zilizogandishwa kwa gundi na kukandamizwa ndani ya kalibu. Mpiga gitaa wa jazi Jim Hall alilipiga. Herb Ellis alilipiga. Joe Pass alilipiga miaka na miaka. Kwa hiyo kijana wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi, akiambiwa dukani kwamba plaiwudi si ya jazi, na kwamba atafute la ubao wa kuchongwa kwa bei mara kumi, ajue anauziwa jina.

Je, wajua kwa nini kifua kilibinuliwa? Orville Gibson, aliyepata hataza yake mwaka 1898, alichukua ufundi wa fidla akautia kwenye mandolini na gitaa. Mwaka 1922 kampuni iliyobeba jina lake ikatoa L-5, yenye matundu mawili ya umbo la herufi f badala ya tundu moja la mviringo. Gitaa la umeme lilikuwa bado, na mpigaji alipaswa kusikika katikati ya tarumbeta na ngoma kwa nguvu ya mbao pekee. Mpiga gitaa Freddie Green alikaa katika bendi ya Count Basie tangu 1937 hadi alipofariki mwaka 1987, akipiga ridhimu bila amplifaya, nyuzi zake zikiwa zimeinuliwa juu sana kutoka kwenye shingo ili zitoe sauti kubwa.

Kwenye gitaa la jazi la Gibson, umeme uliingia mwaka 1936 na ES-150. Mpiga gitaa Charlie Christian ndiye aliyeifanya ijulikane. Alifariki mwaka 1942 akiwa na umri wa miaka 25, na hadi leo wanafunzi wa jazi wanajifunza solo zake noti kwa noti.

Je, wajua kwamba bendi nyingi za Afrika Mashariki zilijiita Jazz huku zikipiga rumba, twist na benga? Dar es Salaam Jazz ilianza miaka ya 1930, Morogoro Jazz mwaka 1944. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walianzisha Arusha Jazz kabla ya kuhamia Kenya mwaka 1971 na kujulikana kama Simba Wanyika. D. O. Misiani alipiga benga chini ya jina la Shirati Jazz. Ukitaka kumsikia mpiga gitaa wa Kenya ambaye akordi zake zilikaribia kabisa jazi ya Marekani, mtafute Fundi Konde wa Pwani, askari wa zamani wa vita vya Burma na miongoni mwa wa kwanza nchini kutumia gitaa la umeme. Rekodi zake za mwishoni mwa miaka ya 1940 na ya 1950 zina ulaini ambao gitaa la kifua kilichobinuka linaufaa kuliko gitaa jingine lolote. Anayeanza jazi Nairobi aanzie kwake, kisha ndipo aende kwa Mmarekani Wes Montgomery.

Na mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji unaoitwa Likasi siku hizi, Kongo. Mwenda alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada, na wimbo wake "Masanga" ukazunguka dunia. Rekodi hiyo ilitolewa na Gallotone ya Afrika Kusini, kampuni ambayo pia iliuza magitaa ya bei nafuu. Moja kati ya hayo, Gallotone Champion, liliandikwa ndani kwamba lina dhamana ya kutopasuka. John Lennon alianza nalo ujanani Liverpool, na mwaka 1999 likauzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 150,000.

Je, wajua la kukagua kwanza unapolishika gitaa la mitumba? Shingo. Rangi na kung'aa viache. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja na kwenye freti ya mwisho kwa mkono mwingine, kisha tazama katikati: nafasi kati ya uzi na freti iwe nyembamba, kama unene wa kadi ya simu ya kukwangua. Ikiwa kubwa, shingo imepinda mbele; ikiwa uzi umelala kabisa, huenda imepinda nyuma. Ndani ya shingo nyingi kuna chuma kirefu cha kunyooshea, na skrubu yake hufunguliwa kichwani au kwa ndani ya mwili. Muombe muuzaji aizungushe robo mzunguko mbele yako. Skrubu isiyosonga, au iliyolika, ni sababu tosha ya kurudisha gitaa mezani hata likiwa la bei ya kutupa.

Kisha tazama kifua kwa ubavu, jicho likiwa sawa na ukingo. Kinapaswa kubinuka kuelekea juu. Kikiwa kimezama chini ya daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi, mbao za ndani zimeachia gundi, na kwa gitaa la aina hii hakuna mlango wa nyuma wa kumwingiza fundi. Kila kazi ya ndani hupitia kwenye yale matundu ya f.

Magitaa bandia yenye jina la Gibson yapo mengi. Kifuniko kidogo cha plastiki kilicho kichwani mwa Gibson ya Marekani hushikwa kwa skrubu mbili. Bandia nyingi zina tatu. Na kwa nini uhangaike na Gibson? Ibanez walianzisha safu ya Artcore mwaka 2002, ikitengenezwa China, na ndiyo iliyowafungulia mlango wapiga jazi wasio na fedha duniani kote. Epiphone, iliyonunuliwa na Gibson mwaka 1957, nayo imetoa magitaa ya aina hii kwa bei ya chini. Ukiagiza ng'ambo, usiihesabu bei ya kwenye tangazo kana kwamba ndiyo ya mwisho: nauli, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 vinakungoja.

Je, wajua kwamba daraja la gitaa hili halijagundishwa? Linasimama juu ya kifua kwa mgandamizo wa nyuzi peke yake. Ndiyo sababu ukizitoa nyuzi zote kwa pamoja linaanguka, na ukilirudisha popote upendapo, gitaa zima hukosa kulingana sauti. Badilisha uzi mmoja mmoja. Mahali pake sahihi hupatikana hivi: gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 ili ulie kama kengele, halafu ubonyeze hapohapo na upige. Sauti mbili zilingane. Ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, sogeza daraja nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, lisogeze mbele.

Hapa kwenye daraja ndipo shilingi moja inapozaa nyingi. Magitaa ya bei nafuu hutoka kiwandani na daraja ambalo nyayo zake hazikukaa sawasawa juu ya mbinuko wa kifua, zikaacha nafasi ambayo jicho halioni lakini sauti inapotelea humo. Dawa yake ni karatasi ya msasa. Itandaze juu ya kifua, upande wa makali ukitazama juu, kisha usugue daraja juu yake, mbele na nyuma, mpaka nyayo zichukue umbo la kifua chenyewe. Anza na msasa wa makali, maliza na laini. Gitaa lililokuwa likilia kwa uziwi hupata mwili.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, mbao bora ya daraja haitoki Ulaya wala Marekani. Ni mpingo. Mti huu, mzito hata ukazama majini, ndio unaochongewa klarineti za okestra kubwa za dunia, na sehemu kubwa ya huo unaosafirishwa hutoka kusini mwa Tanzania. Wachongaji Wakamba wanaufahamu tangu Mutisya Munge wa Wamunyu aliporudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia na ufundi wa kuchonga. Mchongaji anayeweza kutoa twiga mwenye miguu myembamba kama penseli hashindwi na daraja la gitaa ukimpelekea la zamani awe na kielelezo. Mwambie tu, "Fundi, nataka hili hili, lakini la mpingo mkavu." Ukavu ndio wa kusisitiza, mbao mbichi itajikunja.

Mfupa nao. Kile kipande chenye mikato sita kinachopitisha nyuzi karibu na kichwa, wapiga gitaa hukiita nati, kwenye gitaa la bei nafuu huwa cha plastiki yenye uwazi ndani. Cha mfupa wa ng'ombe hutoa sauti wazi zaidi nyuzi zikipigwa bila kubonyezwa. Karakana za Kibera zimekuwa zikigeuza mfupa wa ng'ombe kuwa shanga na hereni kwa miaka mingi. Kipande kilichokatwa, kikachemshwa kutoa mafuta na kukaushwa, kinapatikana hapahapa Nairobi.

Nyuzi: tafuta za chuma au nikeli. Za shaba za gitaa la kawaida hazisikiki vizuri kwenye pikapu, ile sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba chini ya nyuzi, kwa sababu sumaku haiishiki shaba. Wapiga jazi wengi hupenda nyuzi zilizosokotwa kwa utepe bapa. Vidole havikwaruzi na sauti huwa nzito na ya mviringo. Seti ya unene wa 12 huvuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 60, basi ukitoka kwenye nyembamba, fundi aiangalie tena shingo.

Je, wajua mvumo ule unaotoka kwenye amplifaya unasababishwa na nini? Umeme wa Kenya Power hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, na pikapu ya koili moja huunasa kama redio. Seth Lover, mhandisi wa Gibson, mwaka 1955 aliweka koili mbili zilizogeuziana ili mvumo wa moja ufute wa nyingine. Ukiwa na chaguo, nunua gitaa lenye pikapu za namna hiyo, hasa katika mtaa wenye nyaya nyingi juu ya vichwa. Vifundo vya sauti vinavyokwaruza vikizungushwa vinaweza kubadilishwa na fundi yeyote wa redio wa Luthuli Avenue: omba vya kiloomu 500 kwa koili mbili, 250 kwa koili moja. Kabla hajavitoa, mfungishe uzi wa kushonea kwenye kila kifundo ili uvute kipya kirudi mahali pake kupitia tundu la f. Asipofanya hivyo atashinda kutwa nzima akivua gizani.

Hili la umeme lisomwe mara mbili. Plagi yetu ina miguu mitatu, na ule mrefu wa juu ni wa waya wa athi, yaani wa ardhini. Wengi wetu tunachomeka plagi ya miguu miwili kwa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu, na nyumba nyingi hazina athi kabisa. Nyuzi za gitaa la umeme zimeunganishwa na athi ya amplifaya. Ikikosekana, mpigaji mwenye mkono kwenye nyuzi anayegusa maikrofoni kwa mdomo anaweza kuwa njia ya umeme. Mpiga gitaa Les Harvey alikufa baada ya kugusa maikrofoni isiyo na athi jukwaani Swansea, Wales, mwaka 1972. Usipige wala kuimba kwenye umeme usiouamini. Ziko amplifaya ndogo za betri, kama Roland Micro Cube inayotumia betri sita za AA. Kwa mazoezi ya nyumbani, na siku za stima kupotea, hiyo inatosha.

Gitaa lenye uwazi ndani hupiga kelele amplifaya ikiwa karibu. Mpiga blues B. B. King, aliyepiga Kinshasa mwaka 1974, alikuwa akijaza vitambaa kwenye matundu ya f. Sponji ya godoro hufanya kazi hiyohiyo.

Nyumba ya mabati huwa tanuri mchana na baridi usiku, na gundi nyingi za mbao hulegea kwa joto kali. Usilitundike gitaa kwenye ukuta wa mabati. Liweke ndani ya mkoba, chini ya kitanda, upande usiopigwa na jua. Hapa tena plaiwudi inashinda: tabaka zake zimepishana mwelekeo, kwa hiyo haipasuki kirahisi Januari ikikauka wala haivimbi sana masika ya Machi hadi Mei.

Je, wajua kwamba tamasha la Safaricom Jazz, lililoanza 2014, lilichangia fedha kwa Ghetto Classics, wanaofundisha muziki watoto wa Korogocho? Na kwamba Ketebul Music, waliohifadhi rekodi za benga na muziki wa zamani wa Kenya, walianza mwaka 2007 katika GoDown, Barabara ya Dunga, Industrial Area, eneo lilelile ambako wakazi wengi wa Mukuru huenda kazini kila asubuhi?

Basi ukiwa na fedha kidogo baada ya kununua, zigawe kwa mpangilio huu: shingo inyooshwe, nyuzi mpya, daraja lisuguliwe, nati ya mfupa. Pikapu ya bei iwe ya mwisho kabisa, na wengi wenu mkifika hapo mtagundua hamuihitaji. Tafadhali, kabla hujaliuza gitaa lako kwa hasara ukidhani ni bovu, lipeleke kwa fundi mwenye msasa.