Pembe za Chumba na Sauti ya Nne: Kutengeneza Vifyonza Besi kwa Studio ya Nyumbani

Kwaya inapoamua kurekodi katika chumba cha nyumbani, kitu cha kwanza kununuliwa huwa ni maikrofoni, na cha pili ni trei za mayai za kubandika ukutani. Maikrofoni inahitajika. Trei hazigusi kabisa tatizo kubwa la chumba kidogo, nalo ni besi: sauti ya nne huunguruma katika noti moja na kupotea katika nyingine, kisha fundi hukesha kwenye kompyuta akijaribu kuponya kilichoharibiwa na kuta.

Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa mita 343 hivi kwa sekunde. Noti ya chini ya mwimbaji wa besi, yenye mitetemo 82 kwa sekunde, ina wimbi lenye urefu unaozidi mita 4. Wimbi kubwa namna hiyo halimezwi na karatasi ya trei wala na sponji nyembamba. Hugonga ukuta, hurudi, na kukutana na lile linalokuja. Katika chumba chenye urefu wa mita 4, mitetemo ya takriban 43, 86 na 129 kwa sekunde hujirundika, ikikuzwa mahali fulani na kufutika mahali pengine. Mgandamizo wa hewa wa mawimbi yote hayo hufikia kilele penye pembe, kuta zinapokutana. Basi, mwenye fedha kidogo aanzie hapo.

Nyenzo ifaayo ni mabamba ya sufi ya mawe au ya faibaglasi, yale yanayotumika kuzuia joto viwandani. Hewa inapopenya kati ya nyuzi zake, msuguano huigeuza nguvu ya sauti kuwa joto kidogo sana. Lakini hewa iliyogusana na ukuta haisogei; husogea zaidi mbali na ukuta. Kwa sababu hiyo unene ndio kila kitu, na bamba la sentimita 5 lililobandikwa ukutani halitaishughulikia besi.

Chukua mabamba ya sentimita 60 kwa 120, yenye unene wa sentimita 5. Kata kila moja kuwa miraba miwili, kisha kata kila mraba kwa mistari miwili kutoka pembe hadi pembe. Utapata pembetatu 8, kila moja ikiwa na uso wa sentimita 60. Zipange kwenye pembe ya chumba, moja juu ya nyingine, kutoka sakafuni hadi darini. Kwa kimo cha mita 2.4 zinahitajika pembetatu 48, yaani mabamba 6 kwa kila pembe. Simamisha fremu nyepesi ya mbao mbele yake na uifunike kwa kitambaa. Kitambaa hicho kipulizie kwa mdomo kwanza: pumzi isipopita, nacho hakifai.

Wakati wa kukata, vaa barakoa, glavu na nguo za mikono mirefu, kwa kuwa nyuzi hizo huwasha ngozi na koo. Wapo wanaotumia magodoro ya zamani ili kuokoa fedha. Siwashauri: sponji ya godoro hushika moto upesi na kutoa moshi wa sumu, na studio nyingi zina mlango mmoja, nyaya tele na wanakwaya waliobanana.

Wala tusitarajie kwamba vifyonza hivi vitanyamazisha pikipiki za nje au kumwacha jirani alale. Kuzuia sauti isipite ukutani ni kazi nyingine, na ni ghali zaidi.

Kabla ya kujenga, piga kwenye kinanda noti za besi moja baada ya nyingine, kwa nguvu ileile, ukiwa umeketi mahali pa fundi. Andika zipi zinavuma na zipi zinafifia. Rudia baada ya pembe mbili za kwanza kukamilika, ndipo uamue kama unahitaji kununua mabamba ya pembe nyingine.