Nani Alitengeneza Biti? Tedd Josiah na Jina Ambalo Mashabiki Hawalitaji

Chepsaita, eneo la Turbo nje ya mji wa Eldoret, ni kijiji kilichojipatia jina kwa mbio za nyika. Hapa hakuna anayedhani kwamba mwanariadha hujitengeneza peke yake. Mtaje David Rudisha na zile mita 800 alizozikimbia jijini London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, na punde utasikia jina la Bruda Colm O'Connell, yule mwalimu kutoka Ireland aliyefika shule ya St. Patrick's, Iten, mwaka 1976 na kuwalea wakimbiaji kizazi baada ya kizazi. Kocha anaheshimiwa, anasalimiwa, anapigwa picha.

Sasa waulize vijana wa hapa ni nani aliyetengeneza wimbo “Unbwogable”. Watakujibu mara moja: Gidi Gidi Maji Maji. Ni kweli, Joseph Ogidi na Julius Owino ndio walioimba, na sauti ya Gidi bado inasikika kila asubuhi redioni. Lakini aliyeketi nyuma ya mitambo, akachagua ngoma ipige vipi na sauti ikae wapi, ni Tedd Josiah. Huyo ndiye kocha wa hip-hop ya Kenya, na sidhani tumewahi kumpa haki yake.

Katikati ya miaka ya 1990, redio zetu zilikuwa zimejaa muziki wa Marekani. Kijana aliyetaka kurap alijaribu kuongea kama mtu wa New York. Josiah alikuwa miongoni mwa wachache walioamini kwamba mtindo wa rap unaweza kubeba lugha zetu bila kuvunjika. Alipofanya kazi na msanii Hardstone kwenye “Uhiki”, mdundo ulikuwa wa “Sexual Healing” wa Marvin Gaye, na juu yake kijana anatiririka kwa Kikuyu. Waliousikia kwa mara ya kwanza wakati ule walishtuka. Kisha wakaja Kalamashaka, vijana watatu wa Dandora, na “Tafsiri Hii”, wakiyasema maisha ya mtaani kwa Kiswahili na Sheng. Mwishoni mwa muongo huo Josiah alikusanya sauti hizo changa katika albamu za pamoja, ya kwanza ikiitwa “Kenyan: The First Chapter”. Studio yake iliitwa Audio Vault, na baadaye Blu Zebra.

Kisha ukaja mwaka 2002. Gidi Gidi na Maji Maji wameeleza kwamba “Unbwogable” ulizaliwa na shida zao wenyewe, si na kampeni. Wanasiasa waliuona una nguvu, wakauchukua. Uliubeba muungano wa NARC mkutano hadi mkutano, mpaka uchaguzi wa tarehe 27 Desemba ulipokiondoa chama cha KANU kilichokuwa kimetawala tangu uhuru, na Mwai Kibaki wa NARC akaapishwa kuwa rais Uhuru Park siku tatu baadaye. Huku kwetu Uasin Gishu upepo ulivuma kivingine. Turbo wakati huo ilikuwa sehemu ya eneobunge la Eldoret Kaskazini, mbunge wake alikuwa William Ruto, naye alikuwa akimpigia debe mgombea wa KANU, Uhuru Kenyatta. Hata hivyo wimbo wenyewe ulivuka mipaka ya vyama. Usikilize tena leo: ngoma ni nzito, haina haraka, na ala zimeacha nafasi ya kutosha kwa umati kuitikia. Wimbo haupati nafasi ile kwa bahati. Kuna mtu aliyeamua nini kiachwe nje.

Maprodyusa wengine walikuwa na njia yao ya kutosahaulika. Ogopa DJs walihakikisha jina lao linatamkwa ndani ya wimbo. Clemo aliujenga mtindo wa genge pale Calif Records akiwa na Nonini na Jua Cali, na ng'ambo ya mpaka, jijini Dar es Salaam, P-Funk Majani aliifanya Bongo Records kuwa jina linalotajwa sambamba na la msanii. Marekani ndiko walikotufundisha hayo. Dr. Dre, prodyusa, aliiuza pamoja na wenzake kampuni ya Beats kwa Apple mwaka 2014 kwa dola bilioni 3. Josiah mwenyewe hatimaye aliiacha studio, na sasa anatengeneza mikoba ya ngozi kwa jina la Joka Jok. Ninamtakia heri, lakini inaniuma kwamba mtu mwenye sikio kama lile hakupata sababu ya kutosha kubaki kwenye muziki.

Nayasema haya kwa ajili ya kijana wa Chepsaita, Turbo au mtaa wa Langas ambaye leo ana kompyuta moja, maikrofoni moja na blanketi lililotundikwa ukutani kuzuia mwangwi. Anatengeneza biti usiku kwa sababu mchana pikipiki zinapiga kelele nje. Stima ikipotea kabla hajahifadhi kazi, anaanza upya. Msanii anakuja, anarekodi, anamwachia shilingi kidogo na ahadi. Wimbo ukishika, msanii anaitwa kwenye jukwaa, naye prodyusa anausikia kwenye matatu kama abiria mwingine yeyote.

Sheria ya hakimiliki ya Kenya ina jambo ambalo vijana hawa wanapaswa kulijua. Mwenye rekodi ya sauti ni yule aliyefanya mipango ya kurekodi. Si lazima awe yule aliyebonyeza vitufe. Aliyetunga muziki wenyewe ana haki yake ya utunzi, lakini bila makubaliano ya maandishi ni vigumu kuithibitisha watu wakishaanza kugombana. Haki ya rekodi hudumu miaka 50, muda mrefu kuliko urafiki mwingi wa studio. Ipo bodi ya hakimiliki, KECOBO, inayosajili kazi kwa njia ya mtandao, na lipo shirika la KAMP linalokusanya mirabaha ya watayarishaji.

Kwa hiyo, kijana, kabla biti haijatoka kwenye kompyuta yako, chukueni karatasi wewe na msanii wako. Andikeni majina yenu, tarehe, na fungu la kila mmoja, kisha wekeni sahihi wote wawili.