Cheti Kimoja Mpakani

Mpaka wetu na Kenya ni mchanga kuliko udugu uliopo pande zake mbili. Hadi mwaka 1902 nchi yote ya mashariki mpaka karibu na Naivasha ilihesabiwa kuwa ya Uganda. Mstari uliposogezwa, Wasamia na Waiteso walijikuta huku na huku, na Wamasaaba wa Mbale wakatenganishwa na ndugu zao Wabukusu. Basi si ajabu kwamba biashara haikungoja kibali.

Leo kibali kipo, nacho ni chepesi. Mfanyabiashara wa Jinja au Mbale mwenye bidhaa zilizozalishwa Afrika Mashariki, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa papo hapo mpakani, bila malipo. Kwa cheti hicho hatozwi ushuru wa forodha. Huko Busia na Malaba ukaguzi wa mataifa yote mawili hufanyika mahali pamoja, katika nchi unayoingia. Na tangu mwaka 2014 Mganda huvuka kwa kitambulisho cha taifa.

Hata hivyo, cheti hakiondoi ukaguzi wa afya ya mimea, na hapo ndipo wengi hukwama. Mwezi Machi mwaka 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, lakini kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na shehena iwe na hati kuwa sumu hiyo haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mahindi yaliyoanikwa juu ya udongo mbichi hayafikii kiwango hicho kwa urahisi. Turubai ni gharama ndogo kuliko lori lililorudishwa.

Wanaoona haya yote ni usumbufu hufuata njia za panya. Sisi polisi tunajua yanayowapata huko: mizigo kuporwa, kina mama kupigwa usiku, kisha kimya, kwa kuwa aliyekwepa forodha huogopa kufika kituoni. Tuseme wazi: suala la forodha ni jambo jingine, na kuporwa ni jinai. Ripoti, iwe upande huu au ule. Vikosi vya polisi vya kanda vimeshirikiana chini ya EAPCCO tangu mwaka 1998. Ukidaiwa fedha kwa ajili ya cheti hicho, andika saa, mahali na namba ya ofisa, ulete kituoni.