Anayetaka kuishi kwa kalamu Busia aanze na hesabu za sokoni

BUSIA/TORORO

NENO “bodaboda” lilizaliwa katika mpaka huu. Miaka ya 1960 vijana wa baiskeli walibeba abiria na mizigo kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, wakiita wateja kwa Kiingereza cha barabarani: boda, boda, yaani mpaka hadi mpaka. Leo neno hilo linatumika Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Limeingia katika bajeti za serikali na hotuba za wanasiasa. Aliyelitamka kwanza hakupata hata senti.

Hakuna wa kumlaumu, kwa kuwa sheria ya hakimiliki hailindi neno moja. Lakini hadithi, tamthilia, shairi na kitabu cha watoto vinalindwa. Hata hivyo, anayeviandika kati ya Busia na Tororo anaweza kuondoka mikono mitupu kama yule wa baiskeli, iwapo ataingia katika kazi hii bila kupiga hesabu ambazo muuza samaki wa Busia hupiga kila alfajiri kabla hajafungua kikapu.

Kwa mtu anayetaka kuacha kuajiriwa ili aishi kwa kuandika, swali la kwanza si kama ana kipaji. Ni nani atalipa kodi ya nyumba mwezi huu, wakati kitabu bado hakijaisha.

Kitabu kimoja, shilingi ngapi?

Wachapishaji wakubwa wako Nairobi na Kampala. Mwandishi wa huku hupeleka muswada, kisha husubiri. Ukikubaliwa, utahaririwa, utapangwa na kuchapishwa, na safari hiyo huweza kuchukua mwaka au zaidi. Baada ya hapo mwandishi hulipwa mrabaha, ambao kwa kawaida ni asilimia 10 hadi 15 ya mauzo, tena hulipwa mara moja au mbili kwa mwaka. Mwenye nyumba hudai kila mwezi.

Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 500 za Kenya na mrabaha ni asilimia 10 ya bei hiyo. Mwandishi anapata shilingi 50 kwa nakala. Ikiwa familia yake inahitaji shilingi 30,000 kwa mwezi, lazima ziuzwe nakala 600 kila mwezi, yaani 7,200 kwa mwaka, bila kukatika. Na mikataba mingi hukokotoa mrabaha kwa bei ya jumla baada ya duka la vitabu kuchukua punguzo lake, kwa hiyo hata hiyo 50 hupungua.

Anayeamua kuchapisha mwenyewe hana raha zaidi. Tuseme anachapa nakala 200 kwa shilingi 250 kila moja. Mtaji ni shilingi 50,000. Duka likichukua asilimia 30 ya bei ya 500, yeye anabaki na 350. Mpaka nakala ya 143 iuzwe, anarudisha mtaji tu. Zikiisha zote 200, faida ni shilingi 20,000, kabla ya nauli, simu na vitabu vya kugawa bure kwa jamaa ambao hawaoni kwa nini walipe.

Mchuuzi anaifahamu hali hii. Vitabu havioi kama nyanya, lakini hufanana na saruji ya Tororo iliyowekwa ghala lenye unyevu: mali ipo, pesa imeganda. Shule ikichukua nakala 60 kwa mkopo na kulipa muhula ujao, mwandishi hana mtaji wa kuchapa tena, hata kama kitabu kinapendwa.

Karani wa forodha aliyeandika

Wafanyabiashara wanaopitisha bidhaa mpakani huenda wasijue kwamba mwandishi mashuhuri kuliko wote wa Kiswahili alikuwa mtu wa ofisi ya ushuru. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, aliajiriwa kuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, muda mrefu akiwa Pangani. Baadaye alihamishiwa Longido, kisha akarudi Tanga katika ofisi ya wilaya na ofisi ya upimaji ardhi. Kusadikika kilipochapwa mwaka 1951, bado alikuwa mtumishi wa serikali. Alidumu katika ajira hadi karibu na 1960, na mwaka 1962 akafariki. Muda wa kuwa mwandishi tu, bila mshahara wa ofisi, ulikuwa mfupi mno.

Elvis Musiba wa Tanzania alipitia mlango mwingine. Huyu ndiye aliyewapa wasomaji mpelelezi Willy Gamba katika riwaya kama Kufa na Kupona na Njama. Wasomaji wake wengi hawakujua kwamba alikuwa pia mfanyabiashara aliyefika kuongoza chemba ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima ya nchi yake, TCCIA. Biashara ilimlisha, na riwaya zikaandikwa.

Ben Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, alitoka katika uandishi wa habari. Yeye hakutosheka kuwa upande wa anayesubiri mrabaha. Alianzisha kampuni ya uchapishaji, Heko, akawa muuzaji wa kazi yake mwenyewe na za wenzake.

Karibu zaidi na Busia yupo Ken Walibora, mwana wa magharibi mwa Kenya aliyefariki mwaka 2020. Kabla ya kujulikana katika televisheni, alikuwa mwalimu na afisa wa probesheni. Riwaya yake Siku Njema ilitoka mwaka 1996, na miaka mingi baadaye Kidagaa Kimemwozea ikateuliwa kuwa kitabu cha kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya. Kuteuliwa huko ndiko kunakobadili hesabu ya mwandishi, kwa kuwa wanafunzi wa nchi nzima hununua kitabu kimoja. Ndiyo maana wanakili haramu nao hukimbilia vitabu hivyo hivyo.

Hata Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliishi kwa kufundisha katika Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, hadi alipostaafu. Kwa miaka mingi riwaya zake ziliandikwa na mtu mwenye mshahara wa mwalimu.

Hakuna kati ya hawa aliyeanza kwa kuacha kazi siku moja na kutegemea kitabu cha kwanza kimlishe. Kila mmoja alikuwa na sufuria nyingine jikoni.

Kazi zinazolipa leo

Mpakani sufuria hiyo ya pili haiko mbali. Vikundi vya akina mama wanaofanya biashara vinahitaji katiba na kumbukumbu za mikutano ili visajiliwe au vikope. Familia iliyofiwa inahitaji wasifu wa marehemu na programu ya mazishi, tena kabla ya Jumamosi. Mwenye duka anataka tangazo la redio. Shule za Kenya hutafuta tamthilia na mashairi ya kukariri kila msimu wa tamasha la kitaifa la drama, na wapo wanaoishi kwa kuziandika na kuwafunza wanafunzi jukwaani. Barua, fomu, tafsiri kati ya Kiswahili, Kiingereza, Kiteso, Kisamia na Kijopadhola: zote ni kazi za kalamu.

Tofauti iko katika namna zinavyolipa. Programu ya mazishi hulipwa siku ile ile. Shule hulipa karo zikishaingia. Kikundi hulipa wanachama wakikutana. Mwandishi asiyeandika tarehe hizi katika daftari atajikuta anadai watu sita na hana ya unga. Kanuni ya sokoni inafaa hapa: nusu kabla ya kazi, nusu kabla ya kukabidhi.

Lakini kazi hizi zina hatari yake. Kwa kuwa hulipa haraka, humeza siku nzima. Leo barua tatu, kesho katiba ya kikundi, keshokutwa msiba. Mwaka unapita na muswada uko ukurasa ule ule wa 40. Mwandishi wa namna hii amefanya kosa ambalo kila mchuuzi wa soko la Sofia amewahi kuonywa: amekula mtaji.

Mtaji wa mwandishi ni saa. Mchuuzi hutenga pesa ya kununulia mzigo na pesa ya matumizi, na mtoto akililia chapati, chapati haitoki katika pesa ya mzigo. Mwandishi naye anahitaji saa ambazo haziuzwi. Mbili za alfajiri zinatosha. Ukurasa mmoja kwa siku, siku tano kwa wiki, ni kurasa 260 kwa mwaka. Hicho ni kitabu.

Akiba ni sharti la pili. Asiache mshahara kabla hajaweka kando matumizi ya miezi sita, na kabla kazi za kalamu hazijalipa angalau nusu ya matumizi hayo kwa muda unaoridhisha. Chama cha kuweka na kukopa kinachomsaidia muuza mitumba kununua bela kinaweza kumsaidia mwandishi kulipia nakala 200, mradi awe na wateja kabla ya kwenda kwa mchapaji.

Soko la pande mbili

Mwandishi wa huku ana bahati ambayo wa Nairobi hana: akitembea dakika chache yuko katika nchi ya pili. Na nchi hiyo inajifunza Kiswahili. Mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari ya chini nchini Uganda ulikifanya Kiswahili somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari.

Kwa mtu wa Tororo, hii maana yake ni kwamba mtoto anahitaji hadithi fupi za Kiswahili chepesi, zenye mwamba wa Tororo, malori ya Malaba na majina anayoyajua, badala ya vitabu vilivyoandikwa kwa mtoto aliyekua akisikia Kiswahili nyumbani. Anahitaji pia mwalimu wa ziada. Mwandishi anayefundisha Kiswahili siku mbili kwa wiki Tororo anapata riziki, na papo hapo anajua ni neno gani linamkwaza msomaji wake wa kesho.

Kuvusha vitabu kuna taratibu zake. Katika orodha ya ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, vitabu vilivyochapishwa vimewekewa ushuru wa forodha wa asilimia sufuri. Hata hivyo, Kenya hutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwa vitabu tangu sheria ya mwaka 2013, na bei ya rafuni ni lazima iizingatie. Anayebeba katoni aulize kwanza katika kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa Februari 2018, kama mzigo wake unaingia katika utaratibu rahisi wa biashara kwa shehena zisizozidi thamani ya dola 2,000. Njia ya panya haifai kwa bidhaa yenye jina la mwenyewe kwenye jalada.

Nambari ya ISBN hutolewa na maktaba za taifa: Nairobi kwa Kenya, Kampala kwa Uganda. Bila hiyo, duka kubwa la vitabu litasita kupokea mzigo.

Usiuze kuku kwa bei ya yai

Hasara kubwa kuliko zote huja siku ya shida. Karo inadaiwa, mtoto amerudishwa nyumbani, na mtu anajitokeza na pesa taslimu: niuzie muswada wote, haki zote, tumalizane. Kiasi hicho huonekana kikubwa kwa kuwa shida ni ya leo.

Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 na ile ya Uganda ya mwaka 2006 zinampa mwandishi ulinzi katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Anayeuza haki zote anauza na miaka hiyo 50 ya watoto wake. Kitabu kikiteuliwa shuleni baada ya miaka kumi, hana cha kudai.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, aulize mambo manne. Mkataba unahusu nchi gani: Kenya peke yake, au Jumuiya nzima? Unahusu lugha gani? Unahusu kitabu cha karatasi tu, au pia sauti, filamu na nakala za kielektroniki? Na kitabu kikikoma kuchapwa, haki zitarudi lini? Mchapishaji mwaminifu hujibu maswali haya bila kukunja uso. Na ikiwa pesa inahitajika leo, kuomba malipo ya awali yatakayokatwa katika mrabaha ni afadhali kuliko kuuza haki zote.

Zawadi nazo zipo. Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ikiwa na zawadi za jumla ya dola 15,000, ilifungua mlango hata kwa miswada ambayo haijachapishwa. Inafaa kushindana. Haifai kuiweka katika bajeti ya mwezi ujao, kwa sababu mwenye duka hakopeshi unga kwa ahadi ya tuzo.

Jua linapopanda Busia, wabadilishaji pesa wakiwa wameshika mabunda ya noti za nchi mbili na baiskeli za magurudumu matatu zikiwa zimepanga foleni na mizigo, mwandishi aliyeamka saa kumi na moja tayari ana ukurasa wake mmoja. Sasa anaweza kufungua ofisi yake ya barua na fomu kama wafanyabiashara wengine. Jioni atahesabu zilizoingia na zinazodaiwa, na zile za kuchapa kitabu hatazigusa.